Giaboksi ya otomatiki na mafuta yake: kazi yanayofanya, yanavyochakaa na namna ya kuyatunza

Gari la otomatiki likifikishwa gereji kwa sababu linachelewa kushika gia, swali la kwanza la mwenye gari mara nyingi huwa ni bei ya giaboksi ya mtumba. Swali lililostahili kutangulia ni jingine: mafuta ya giaboksi iliyomo yalibadilishwa lini, na yaliyowekwa yalikuwa ya aina gani? Wamiliki wengi hawana jibu. Magari mengi yanayotembea Tanzania, Kenya na Uganda yaliingia nchini yakiwa yameshatumika Japani kwa miaka kadhaa. Kenya, kwa mfano, huruhusu gari lililotumika liingizwe mradi halijazidi umri wa miaka 8, na gari la umri huo linaweza kuwa limekwisha kutembea kilomita 80,000 au zaidi bila mnunuzi kukabidhiwa kumbukumbu yoyote ya matengenezo. Mtu huyohuyo hubadilisha oili ya injini kila baada ya kilomita 5,000 bila kukumbushwa, lakini giaboksi huiacha hadi siku itakapolalamika, na ikishalalamika, nafasi ya kuiokoa kwa mafuta peke yake huwa imepungua sana.

Chanzo cha kusahau huko, kwa maoni yangu, ni dhana kwamba mafuta ya giaboksi hufanya kazi ileile ya oili ya injini, yaani kulainisha vyuma visisagane. Kwa giaboksi ya manyuali dhana hiyo haiko mbali na ukweli. Kwa otomatiki inapotosha kabisa. Humo ndani mafuta ndiyo yanayobeba nguvu ya injini kuipeleka mbele, ndiyo yanayosukuma klachi na kuziachia, na ndiyo yanayoamua kama gia itaingia kwa ulaini au kwa kishindo. Ni sehemu ya mashine sawasawa na pampu au gia zenyewe, na yakichakaa, mashine imeharibika hata kama vyuma vyote bado ni vizima.

Injini ya petroli haiwezi kuzunguka polepole kupita kiasi. Gari likiwa limesimama na injini ikinguruma, huzunguka kama mara 700 hivi kwa dakika, na nguvu yake nzuri hupatikana juu zaidi ya hapo, ilhali magurudumu yanatakiwa yaanzie kwenye sifuri. Giaboksi ipo ili kupatanisha pande hizi mbili: wakati wa kuondoka au kupanda mlima hupunguza kasi na kuongeza msukumo, na barabara ikinyooka huyaacha magurudumu yaende haraka bila kuichosha injini. Katika gari la manyuali, dereva hukata mawasiliano kwa klachi ya mguuni, hubadilisha gia kwa mkono, kisha huyarudisha. Katika otomatiki kazi hizo zote hufanywa na mafuta.

Kazi ya kwanza hufanyika katika konveta, chombo cha duara kilichofungwa kati ya injini na giaboksi na kujazwa mafuta. Ndani yake kuna mapangaboi mawili yanayotazamana bila kugusana, moja likizungushwa na injini na jingine likiwa limeunganishwa na giaboksi. Ukiziweka feni mbili uso kwa uso na kuwasha moja, upepo wake utaanza kuizungusha ya pili. Katika konveta, mafuta yanashika nafasi ya upepo huo. Katikati kuna kiungo cha tatu kiitwacho stata, ambacho huyageuza mafuta yanaporudi ili yaongeze msukumo badala ya kuupinga, na ndiyo sababu otomatiki huondoka kwa nguvu hata ikiwa imejaa abiria. Kwa kuwa hakuna chuma kinachoshikana na chuma, gari linaweza kusimama kwenye taa likiwa kwenye D na injini isizimike. Gharama yake ni joto, kwa sababu tofauti yote ya kasi kati ya mapangaboi hayo mawili huishia kuwa joto ndani ya mafuta. Ili kuipunguza gharama hiyo, konveta za miongo ya karibuni zina klachi ndogo ndani yake inayoyafunga mapangaboi pamoja kasi ikishatulia, na klachi hiyo nayo imo ndani ya mafuta yaleyale.

Nyuma ya konveta kuna seti za gia ambazo, tofauti na zile za manyuali, hazisogezwi kwa mkono kutoka moja kwenda nyingine bali meno yake hushikana wakati wote: gia ndogo ya kati, gia kadhaa zinazoizunguka, na duara la nje lenye meno upande wa ndani. Ukizuia moja kati ya hizo, zilizobaki hutoa kasi fulani. Ukizuia nyingine, kasi hubadilika. Na ukizuia ile inayofaa, hata mwelekeo hugeuka ikapatikana rivasi. Kinachozuia ni pleti za klachi, nyembamba, zilizopangwa kwa kupishana: moja ya chuma kitupu, inayofuata iliyogundishwa karatasi ngumu ya msuguano pande zote mbili. Kila rundo la pleti lina pistoni yake, na pistoni hiyo husukumwa na mafuta yenye shinikizo. Pampu inayozungushwa na injini huyapeleka mafuta kwenye vali bodi, bamba la aluminiamu lililochongwa vijia vingi vyembamba, na humo solenoidi, yaani vali ndogo za umeme zinazoamriwa na kompyuta ya gari, hufungua kijia kimoja na kufunga kingine. Gia inapobadilika, kilichotokea ni kwamba mafuta yameondolewa nyuma ya pistoni moja na kupelekwa nyuma ya nyingine, kwa muda usiofika hata sekunde moja.

Mambo yanayodaiwa kutoka kwa mafuta hayo yanapingana, na hapo ndipo mtu anapaswa kutulia kidogo. Kwenye meno ya gia na kwenye beringi yanatakiwa yateleze. Kwenye pleti za klachi yanatakiwa yaziache zishikane, lakini zisishikane ghafla, maana zikishikana ghafla gari hupiga kishindo, na zikichelewa huteleza, karatasi ikaungua. Hayatakiwi kutoa povu, kwa sababu povu lina hewa, hewa hubanwa, na shinikizo lililobanwa njiani haliifikii pistoni kikamilifu. Yanatakiwa yatiririke asubuhi ya baridi kule Makete na yasipoteze unene yakifika nyuzijoto 90 katika foleni ya Dar es Salaam, na wakati wote huo yasiziharibu sili za mpira. Sehemu kubwa ya uwezo huo hutokana na kemikali zinazochanganywa kiwandani, na ndizo huchakaa mapema kuliko mafuta yenyewe. Kwa miaka mingi mafuta ya nyangumi yalikuwa sehemu ya mchanganyiko huo, hadi Marekani ilipoyapiga marufuku mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kampuni zikalazimika kubuni mbadala. Ama rangi nyekundu ambayo wengi wameizoea, hiyo ni rangi ya kutiwa tu, ili panapovuja pajulikane kuwa ni mafuta ya giaboksi wala si oili ya injini. Haisemi lolote kuhusu ubora wala aina.

Kisha ikaja CVT, na mambo yakageuka. Toyota Allion iliyotoka mwaka 2007, Passo ya mwaka 2010, Probox ya mwaka 2014 na Nissan X-Trail ya kizazi cha pili hutumia giaboksi isiyo na gia za kuhesabika kwenda mbele. Mahali pa seti za gia kuna puli mbili zenye umbo la koni na mkanda wa chuma uliotengenezwa kwa vipande vidogo mamia vilivyopangwa katika bangili za chuma. Puli moja ikibanwa, mkanda hupanda juu. Nyingine ikiachia, mkanda hushuka chini, na uwiano wa kasi hubadilika pole kwa pole bila mruko wowote. Dereva aliyezoea otomatiki ya kawaida husikia injini ikishikilia mlio mmoja huku gari likiongeza mwendo, akadhani klachi inateleza, kumbe ndiyo tabia yake ya kawaida.

Nguvu yote ya gari inapita pale mkanda unapogusana na uso wa puli, chuma kwa chuma, katikati yao kukiwa na utando mwembamba mno wa mafuta. Mafuta ya CVT yametengenezwa ili utando huo ushike. Mafuta ya otomatiki ya kawaida, yaani ATF, yametungwa kwa ajili ya pleti zenye karatasi ya msuguano, na yakiingizwa kwenye CVT huufanya mkanda uteleze kidogo kidogo. Mwanzoni dereva hasikii kitu. Gari linatembea, fundi amelipwa, kila mtu ameridhika. Lakini kila kuteleza huacha mkwaruzo mdogo juu ya puli, mkwaruzo hula mkanda, unga wa chuma huingia kwenye vali bodi, na baada ya muda husikika mluzi unaopanda kadiri mwendo unavyopanda. Puli ikishakwaruzika hakuna mafuta yatakayoirudisha. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu kosa lenyewe ni rahisi sana kuepukwa: tofauti ya bei kati ya mafuta sahihi na yasiyo sahihi ni ndogo mno ukiilinganisha na bei ya giaboksi.

Kila kampuni ina majina yake. Toyota kwa otomatiki za kawaida ilitumia T-IV, kisha ikahamia WS, na kwa CVT ina TC na FE. Nissan ina familia ya Matic kwa otomatiki, na NS-2 na NS-3 kwa CVT. Honda ilitumia HMMF kwa CVT zake za zamani, baadaye HCF-2. Herufi hizi si mapambo ya kibiashara. Kwenye nyuzijoto 100, unene wa T-IV ni kama 7 kwa kipimo cha sentistoki, ilhali wa WS ni kama 5.5, kwa hiyo giaboksi iliyosanifiwa kwa ajili ya WS, yenye vijia na solenoidi zilizopimwa kwa mafuta mepesi, haitabadilisha gia inavyotakiwa ikijazwa mafuta mazito. Kwenye maduka ya spea ya Shauri Moyo pale Ilala, au Kirinyaga Road jijini Nairobi, mafuta ya Toyota na Nissan kutoka Japani huuzwa katika makopo ya bati ya lita 4, na jina la aina limeandikwa wazi juu ya kopo. Kando yake utakuta chupa zinazodai kufaa magari yote, na pengine pipa la haidroliki ya kupimwa kwa lita. Chupa ya kampuni inayojulikana ya vilainishi, yenye orodha ya viwango inavyotimiza, inaweza kufaa kwa otomatiki ya kawaida. Kwa CVT sishauri kabisa. Ya pipa haifai kwa yoyote, kwa sababu hakuna anayeweza kukuambia kilichomo. Aina inayotakiwa huandikwa kwenye kitabu cha gari, na katika magari mengi yenye kijiti cha kupimia, huchongwa au kuandikwa juu ya kijiti chenyewe. Kitabu kikiwa cha Kijapani, herufi za aina ya mafuta mara nyingi huandikwa kwa alfabeti tunayoisoma, hivyo lugha haipaswi kuwa kizuizi.

Adui mkubwa wa mafuta haya ni joto. Yakifanya kazi kati ya nyuzijoto 80 na 95 hudumu vizuri. Yakizidi hapo huanza kuungana na hewa, hugeuka kahawia, hupoteza uwezo wa kusimamia msuguano, na mwishoni huacha utando mgumu kwenye vijia vya vali bodi. Wataalamu wa vilainishi hutumia makisio kwamba kila nyuzijoto 10 zinazoongezeka hupunguza umri wa mafuta kwa takriban nusu. Ndiyo maana kilomita peke yake hazitoshi kuwa kipimo. Gari linalokwenda Dodoma na kurudi huchosha mafuta yake kidogo kuliko gari linaloshinda kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, mguu ukiwa kwenye breki, konveta ikiyakoroga mafuta bila kupata upepo wa kuyapoza. Mahali pa kusimama kwa dakika nyingi, ni heri kuweka N na kuvuta breki ya mkono.

Katika magari mengi mafuta hupozwa ndani ya rejeta: mirija miwili hutoka kwenye giaboksi, ikaingia kwenye tangi la chini au la pembeni la rejeta, ambamo mafuta hupita katika bomba dogo lililozungukwa na maji ya kupozea injini. Mpango huu ni mzuri mpaka bomba hilo litakapotoboka. Kwetu hutoboka kwa sababu ya desturi moja ambayo natamani ingekoma: kujaza rejeta maji ya bomba au ya kisima badala ya kulanti. Maji hayo, hasa yenye chumvi kama ya visima vingi vya pwani, hula chuma kutoka ndani. Bomba likitoboka, maji na mafuta huchanganyika, na giaboksi hujaa kimiminika cha rangi ya waridi kilichochafuka, kizito, kama maziwa. Maji hulegeza gundi iliyoshikilia karatasi ya msuguano kwenye pleti, na karatasi ikishabanduka, klachi imekwisha. Mwenye gari akiiona rangi hiyo kwenye kijiti, au akiona utando wa mafuta ndani ya rejeta, asiliendeshe gari hata hadi gereji. Alibebeshe, abadilishe rejeta, kisha giaboksi isafishwe kwa mafuta mapya mara kadhaa kabla ya kuamua kama inafaa kuendelea.

Baadhi ya watengenezaji wa magari walitangaza kwamba mafuta ya giaboksi zao ni ya maisha yote na hayahitaji kubadilishwa. Inafaa kujua kwamba ZF, kampuni ya Ujerumani inayotengeneza giaboksi za magari mengi ya Ulaya, yenyewe hushauri mafuta yabadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au baada ya miaka 8. Neno maisha katika matangazo hayo linahesabu umri wa mmiliki wa kwanza, naye sisi hatumfahamu. Kwa hali zetu, zenye joto, vumbi, foleni na milima, naona kilomita 60,000 ni kikomo cha busara kwa otomatiki ya kawaida, na kati ya 40,000 na 50,000 kwa CVT. Gari lililotoka bandarini bila kumbukumbu lihesabiwe kwamba halijawahi kubadilishwa.

Hapo huzuka hofu iliyoenea, kwamba ukibadilisha mafuta ya giaboksi ya zamani, giaboksi hufa. Hofu hii haijazuka bure, na haifai kuibeza. Giaboksi iliyokaa muda mrefu na mafuta machakavu huwa na unga wa karatasi ya klachi ukielea ndani yake, na unga huo, kwa ukakasi wake, husaidia kidogo pleti zilizokwisha kushikana. Mafuta mapya yakiingia, unga huondoka, na klachi iliyokuwa imekwisha huonekana ilivyo. Aidha, mafuta mapya yana sabuni inayoanza kubandua uchafu uliotulia, nao ukaenda kuziba vijia vyembamba. Kwa hiyo watu waliokumbwa na mkasa huo hawasemi uongo, ila sababu wameiweka mahali pasipo pake: wengi wao walibadilisha mafuta kwa sababu gari lilikuwa limeshaanza kuteleza. Giaboksi ambayo bado inashika vizuri haidhuriwi na kubadilishiwa mafuta kwa njia ya kawaida ya kumwaga na kujaza. Kinachostahili kuogopwa ni mashine ya kusukuma mafuta kwa nguvu katika giaboksi iliyotelekezwa, kwa kuwa hiyo hubandua uchafu wote kwa mkupuo mmoja.

Njia ya kumwaga na kujaza ina kasoro moja inayopaswa kueleweka kabla ya kulipa. Nati ya sampu, yaani bakuli la mafuta lililo chini ya giaboksi, ikifunguliwa, hutoka mafuta yaliyo kwenye sampu tu. Yaliyo ndani ya konveta na mirija hubaki. Tuchukue giaboksi yenye lita 7 ambayo humwaga lita 3. Baada ya kubadilisha mara moja, mafuta machakavu bado ni asilimia 57. Ukirudia baada ya kutembea kilomita mia chache, hubaki asilimia 33, na mara ya tatu asilimia 19. Njia hii ya awamu ndiyo ninayoipendekeza kwa gari ambalo historia yake haijulikani, kwa sababu uchafu huondoka kidogo kidogo na giaboksi haipati mshtuko. Kabla ya kufungua nati ya kumwagia, fundi ahakikishe kwanza kwamba tundu la kujazia linafunguka. Nati ya juu ikiwa imeganda na ya chini imeshamwaga, gari halitoki tena hapo.

Sampu ikishushwa ili kubadilisha chujio, kuna jambo ambalo mwenye gari anapaswa kuliona kwa macho yake badala ya kuambiwa. Ndani ya sampu, upande wa chini, kuna sumaku ndogo, mbili au zaidi, zilizowekwa ili kukusanya unga wa chuma. Zikiwa na tope laini la kijivu, linalopakaa kidole kama wanja bila kukwaruza, huo ni uchakavu wa kawaida. Zikiwa na vipande vinavyong'aa, vyenye ncha, vinavyosikika vikisagana ukivifikicha kati ya vidole, kuna gia au beringi inayovunjika, na pesa za mafuta mapya hazitasaidia. Unga mweusi mwingi wenye harufu ya kuungua ni karatasi ya klachi. Sumaku zisafishwe na zirudishwe mahali pake, gasketi iwe mpya, na nati za sampu zikazwe kwa kiasi, maana nyuzi zake zimo ndani ya aluminiamu na huvunjika kwa urahisi.

Kipimo cha mafuta ndicho kinachokosewa zaidi, hata na mafundi wenye uzoefu. Oili ya injini hupimwa injini ikiwa imezimwa; mafuta ya otomatiki nyingi za Toyota zenye kijiti hupimwa injini ikiwa inanguruma, gari liko mahali tambarare, mafuta yameshapata joto la kazi, na baada ya kuipitisha rivea ya gia katika nafasi zote kwa mguu ukiwa kwenye breki, kisha kuirudisha P. Hapo usawa unatakiwa uwe kati ya alama za HOT. Honda hutaka injini izimwe kwanza na kipimo kichukuliwe mara moja baada ya hapo. Giaboksi nyingi za karibuni hazina kijiti kabisa. Za Toyota zinazotumia WS zina tundu la ukaguzi chini ya sampu ambalo hufunguliwa injini ikiwa inanguruma na mafuta yakiwa kwenye kiwango maalumu cha joto, mara nyingi kati ya nyuzijoto 35 na 45; mafuta yakichuruzika kidogo kidogo, ujazo ni sahihi, yasipotoka, yaongezwe. Fundi asiye na kifaa cha kusoma joto hawezi kuifanya kazi hiyo kwa uhakika, kwa kuwa mafuta hutanuka yakipata moto na kipimo hubadilika. Yakipungua, pampu huvuta hewa. Yakizidi, gia zinazozunguka huyapiga hadi yakatoa povu, na matokeo ni yaleyale.

Dalili za giaboksi inayoomba msaada hujitokeza mapema kwa anayesikiliza. Gari huchelewa sekunde moja au mbili kuitikia baada ya kuweka D au R, hasa asubuhi. Injini hupandisha mizunguko bila mwendo kuongezeka. Kuna mtetemo mdogo kwenye mwendo wa kilomita 60 au 70 kwa saa, wakati klachi ya konveta inapofunga, na huu mara nyingi hupona kwa mafuta mapya ya aina sahihi. Katika Toyota za otomatiki, taa ya O/D OFF ikianza kuwaka na kuzima yenyewe, kompyuta imehifadhi hitilafu, na msimbo wa P0700 unamaanisha tu kwamba kuna taarifa nyingine ndani ya kompyuta ya giaboksi inayopaswa kusomwa. Usikubali giaboksi ishushwe kabla taarifa hiyo haijasomwa, kwani solenoidi moja au waya uliolika unaweza kutoa dalili zilezile za klachi iliyokwisha.

Manyuali haihitaji maelezo marefu. Nyingi hutumia oili ya gia ya 75W-90, na la kuzingatia ni daraja: pale kitabu kinaposema GL-4, oili ya GL-5 iliyokusudiwa difu inaweza kuzifanya gia ziingie kwa ugumu, kwa sababu huteleza mno kwenye pete za shaba zinazosawazisha kasi, na baadhi ya kemikali zake hushambulia shaba hiyo.

Uendeshaji nao una sehemu yake. Kuhamisha rivea kutoka R kwenda D gari likiwa bado linarudi nyuma kunazitwisha pleti kazi ya breki. Kuteremka mlima wa Kitonga kwenye N ili kuokoa petroli ni hatari kwa breki na hakuokoi kitu, kwa sababu injini ya kisasa hukata petroli yenyewe unapoachia pedeli ya mwendo gari likiwa kwenye gia. Hapo panahitaji 2, L, S au B kulingana na gari, ili injini ishikilie mwendo. Gari la otomatiki likizimika njiani lisivutwe kwa kamba masafa marefu huku magurudumu yanayoendeshwa na injini yakiwa chini. Pampu ya mafuta huzungushwa na injini, kwa hiyo injini ikiwa imezimwa gia huzunguka zikiwa kavu. Litafutiwe brekidauni ya kulibeba lote, na kwa gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne hilo ni sharti.

Ikiwa imefikia hatua ya kununua giaboksi ya mtumba, namba ya aina yake ilingane na ile iliyo kwenye kibati cha gari, si umbo tu. Fundi asiifunge ilivyofika. Kwanza mafuta yaliyomo yamwagwe na sampu ifunguliwe ili sumaku zikaguliwe ingali mezani, maana hapo bado inaweza kurudishwa dukani. Chujio na sili za mbele na nyuma zibadilishwe wakati ni rahisi kuzifikia. Mirija ya kupozea na rejeta vioshwe hadi kitoke kimiminika safi, kwa sababu vumbi la chuma la giaboksi iliyokufa limo humo na litaingia katika mpya ndani ya dakika za kwanza za kuwasha. Rejeta ikiwa na uchafu mwingi, ni nafuu kuinunua nyingine. Konveta imiminiwe mafuta kabla ya kufungwa na ikae kwenye pampu hadi mwisho wa meno yake, maana ikikazwa kabla ya kukaa vizuri huivunja pampu injini inapowashwa. Kisha ijazwe mafuta yaliyoandikwa kwenye kitabu, ipimwe ikiwa na joto lake, na ipimwe tena baada ya siku chache za kutembea.